UZI: Mjomba wetu wa sabule (Lamu). Hakuoa, na nyumba ilijaa watu

Mwana_wa_Daka (mleta uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Juzi tumemaliza arubaini ya mjomba wangu, mtaa wa Langoni, Lamu. Wageni wamerudi kwao, sufuria za kuazima zimerejeshwa kwa wenyewe (moja haijaonekana, na nadhani najua iko jikoni kwa nani), nami nimebaki na maneno yasiyonitoka. Nayaweka hapa. Ni marefu, mwenye haraka apite.

Mjomba alifariki Mfungo Nne, usiku wa kuamkia Ijumaa. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1938. Mama, ambaye ni nduguye mdogo, asema huo ni mwaka wa karani, si wa mamake. Hakuoa. Si kwamba alioa akaacha, wala si kwamba mke alitangulia. Hakuoa kabisa. Katika mji ambao hakuna nikaha inayopita bila watu kukumbushwa kuwa ndoa ni nusu ya dini, mtu anayekutwa safu ya kwanza kila alfajiri halafu hana mke ni fumbo, na watu wa Lamu hawaachi fumbo likae barazani bila kulifumbua.

Kwa wasiozijua nyumba za mawe za kwetu, nieleze kidogo, maana bila nyumba huwezi kumwelewa mtu huyu. Ukitoka njiani unaingia daka, penye vibaraza vya mawe pande mbili. Hapo ndipo mgeni husubiri. Kando yake kuna sabule, chumba cha wageni wanaume, ili mtu alale na kuamka bila kupita kwa wanawake. Kisha kiwanda, uwazi wa kati ulio wazi juu, halafu misana, halafu ndani, na nyuma kabisa nyumba kati. Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina mwisho wake. Huwezi kuwa na chumba kipana kuliko mti uliokatwa.

Sasa jambo la pili. Kwetu mwana wa kike akiolewa hahami. Wazee humpa nyumba, au humjengea ghorofa juu ya yao, na mume ndiye anayekuja na sanduku lake. Mjomba alikuwa na msemo: "Mwanamke huyiwa, haendi." (Huyiwa ni hujiwa, kwa Kiamu.) Hesabu yake ni rahisi: mwanamume asiyeoa hana pa kwenda. Wenzake walitoka kwao mmoja mmoja wakaenda kwa wake zao. Yeye alipokuwa mkubwa mno kulala msana mmoja na madada zake, akahamishiwa sabule. Chumba cha mgeni. Akakaa humo miaka 60 na zaidi.

Alikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, msahafu juu ya marfaa, sanduku la mbao, redio na bakora. Zidaka za ukutani, ambazo nyumba nyingine huwekwa sahani za urembo, yeye alizijaza vitabu vya chuo (madrasa) na nyuzi za kofia.

Naendelea, nipumue kidogo.

Tanga_Raha

Pole sana mkuu. Nimeweka kambi hapa, endelea.

Mwana_wa_Daka

Ahsante ndugu.

Ujanani alikuwa mtu wa boriti. Yeye na wenzake walikata mikoko huko kwenye mikono ya bahari, wakaipanga korija korija, yaani ishirini ishirini, ikapakiwa majahazini kwenda Arabuni, ambako nako hujengewa nyumba. Kazi ya tope hadi kiunoni, mbu, na kungoja maji yajae ndipo chombo kitoke. Pesa ya kazi hiyo ndiyo iliyojenga ghorofa. Mawe ya kisiwa cha Manda, chokaa, na boriti alizokuwa akizichagua mwenyewe moja moja. Dada zake wawili wana mabinti wanne, wawili dada zangu, wawili wana wa khala. Wote wanne wameolewa chini ya dari aliyoitia mkono wake. Wa kwanza alijengewa akiwa bado anacheza kitoto na vifuu vya nazi. Mama alipomuuliza haraka ya nini, alisema chokaa haikauki siku ya harusi.

Mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, kazi hiyo ilimkatikia. Ghorofa ya tatu ilikuwa na kuta bila dari. Akakaa sabule akashika sindano na kofia. Mnajua kofia ya mkono ya Lamu, ile ya vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Moja humla mtu miezi. Asubuhi alisomesha watoto Kurani, jioni alishona, na midomo ikienda kwa dhikri kwa mwendo ule ule wa sindano. Ukimsikia amenyamaza, ujue uzi umekatika. Ile dari ilichukua miaka sita. Sisi tulicheza humo ndani tukiangalia nyota.

Pesa za Hijja alizikusanya mara mbili, na mara mbili zikageuka boriti. Alikwenda hatimaye akiwa na miaka zaidi ya sabini, kwa mchango wa wale waume wanne waliokuja na masanduku yao.

MtuWaShela

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Huyu nadhani nimemjua! Mzee mrefu, anatembea kama anayepima njia, bakora inatangulia? Nilisoma kwake mwaka mmoja nilipokaa kwa bibi yangu Langoni. Alikuwa mkali, usimfanye malaika. Ukiruka herufi hakupigi, anakurudisha mwanzo wa sura. Nilirudishwa mwanzo wa Yasini nikalia.

Mwana_wa_Daka

Ndiye huyo. Na kulia ulilia vizuri, kwa sababu wengi walikimbia.

Ile bakora ndiyo iliyokuwa saa ya mtaa. Kabla ya adhana ya alfajiri alipita uchochoroni akigonga milango, mara tatu kila mlango. Wetu aliugonga mara nne. Ya nne ilikuwa yangu. Tangu afariki naamka wakati ule ule, nalala macho nikisubiri, kisha punda wa jirani analia, basi naondoka nikaswali.

Niseme la Ramadhani, maana hapo ndipo alipowachosha watu wa nyumbani. Magharibi ikikaribia alishuka ukingoni kwa bahari, mahali mashua za Mokowe zinapofunga, akawatazama watu. Yeyote aliyeonekana hana pa kufuturu alimshika mkono. Wapakuzi wa mizigo, wanafunzi, watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Siku moja alileta askari aliyekuwa doria. Hakumpa mtu habari kabla. Mama alipika wali wa watu saba akijua watakuwa wanane, wakaja kumi na watatu. Ikafika mahali Mama akaficha sahani, kwa hoja kwamba wageni wakiwa wengi kuliko sahani, mjomba ataona haya. Mjomba akaenda dukani akanunua sinia mbili kubwa. Watu wakala pamoja kwa mkono, na sahani zikabaki zilikofichwa hadi Idi. Mama hasahau hilo hadi leo.

Na Idi yenyewe! Mnajua mzozo wa mwezi: kuna wanaofunga na kufungua kwa mwezi uliotangazwa ng'ambo, na kuna wanaosubiri uonekane huku kwetu. Mwaka mmoja nyumba yetu ilikatika vipande viwili. Ghorofani Idi, chini Ramadhani. Mjomba alikuwa wa kusubiri. Yeye alipanda juu kila tarehe 29 ya mwezi akautafuta kwa macho yake, hata baada ya macho kuingia mtoto wa jicho. Asubuhi ile watoto wa ghorofani wakashuka na nguo mpya kuomba mkono wa Idi kwa mtu aliyefunga. Nilidhani atawafukuza. Alitoa mfuko wa sarafu alioutayarisha, akampa kila mmoja, akasema, "Idi yenu njema. Yangu kesho, ndoni tena." (Ndoni ni njooni.) Wakaja tena kesho yake, bila shaka. Wakapewa tena.

Binti_Witu

Kaka, umenirudisha. Sisi tulikuwa tukija Lamu kwa Maulidi, mwisho wa Mfungo Sita, gari hadi Mokowe kisha mashua. Baba alilala kwa mjomba wako. Sisi wanawake tulikuwa ndani na mamako. Sabule ilijaa wageni wa Ngazija na Tanga, magodoro ukuta hadi ukuta, na mzee mwenyewe alilala nje dakani kwenye kibaraza cha mawe. Niliuliza kwa nini mwenye chumba analala nje. Mamako akajibu, "Yeye pia ni mgeni humo, basi mgeni wa kae (wa kale) huwapisha wapya." Sikuelewa, nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka zaidi usiku wa msikiti wa Riyadha, matari, watu wamejaa hadi njiani, na harufu ya udi na ubani imeshika nguo ukirudi.

Tanga_Raha

Hilo neno la mgeni lina asili yake. Mtume (S.A.W.) alisema uwe duniani kama mgeni au mpita njia. Mzee alikuwa anaishi hadithi hiyo.

Mwana_wa_Daka

Naam, na yeye aliipenda hadithi hiyo. Ila nisiwe muongo. Mara nyingi akisema "mimi mgeni tu hapa" alikuwa anamkumbusha Mama kuwa mgeni huletewa kahawa.

Mgeni_wa_Bara

Poleni sana. Mimi ni mtu wa Nakuru, samahani nikiuliza vibaya. Mali ya mtu asiye na mke wala watoto huenda kwa nani? Huku kwetu mambo kama hayo huleta vita. Na pia, kweli hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini hakuoa?

Mwana_wa_Daka

Hujauliza vibaya.

Mtu aliyekufa bila mzazi na bila mtoto huitwa kalala, na Kurani imemtaja katika sura ya Nisaa. Kwanza hutolewa gharama za mazishi na madeni. Kisha, kwa hali ya mjomba, dada wawili wa baba na mama mmoja hugawana theluthi mbili. Theluthi iliyobaki huenda kwa wana wa kiume wa ndugu yake aliyetangulia, ambao wanakaa Malindi. Mimi mwana wa dada, niliyelala mlango wa pili kutoka kwake miaka arubaini, sina fungu. Ndiyo sheria, na sina kinyongo nayo. Tulikwenda kwa kadhi, ndugu wa Malindi wakaja na mkoba wa makaratasi, wamejiandaa vizuri. Ghorofa zote nne alikuwa amezitoa hiba akiwa hai, kila binti na hati yake. Nyumba ya chini ilikuwa ya madada tangu bibi. Kilichobaki cha kugawanywa: nusu ya mashua moja iliyochoka, redio, saa ya ukutani, kitanda, na kofia mbili, moja haijakwisha. Ndugu wa Malindi walitazamana. Mkubwa wao akacheka, akasema ami alijua hesabu. Wakachukua saa. Mashua inauzwa, mwenye kutaka anijie inboksi, lakini nasema mapema kwamba inavuja.

La kuoa nilimuuliza mara moja, nilipokuwa nataka kuoa mimi. Alijibu, "Kila niliyetajiwa, kwao kulikuwa mbali na Riyadha."

MtuWaShela

Hahaha! Basi aliwakataa wa Shela! Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu kwa ufuoni, mtu anafika kabla kahawa haijapoa. Dada zetu tunadai fidia.

Nahodha_Mstaafu

Nimesoma uzi huu toka mwanzo nikanyamaza. Sasa niseme, maana tumebaki wachache. Mimi ni mdogo kwa mjomba wako kwa miaka kama minane.

Alikuwa amechumbia. Binti wa watu, sitamtaja, ana wajukuu. Mahari ilikuwa tayari, amekwisha kuihesabu. Hizo zilikuwa siku za vita vya shifta, baada ya uhuru, watu wa vijiji vya pwani ya kaskazini walipoacha nyumba zao, minazi yao na mashamba yao wakaja na madau visiwani, wengine Lamu, wengine wakapitiliza Malindi na Mombasa. Niliwaona kwa macho yangu wakishuka na kuku na vyungu, watoto hawana nguo. Mjomba wako alichukua ile mahari akanunua unga na mchele, akagawa pale pale ukingoni. Wazee wa binti walingoja mwaka, kisha wakampa mtu mwingine. Hawakukosea. Naye hakutaja tena neno la kuoa. Hiyo ndiyo sababu, si Riyadha.

Kahawa_Tungu

Mzee wangu, shikamoo, na heshima yako iko pale pale. Lakini hadithi hii ya mahari na unga nimeisikia ikisimuliwa juu ya watu watatu tofauti wa Langoni, mmoja wao alioa wake wawili. Lamu tunapenda kumvisha maiti kanzu isiyo yake. Mleta uzi, mamako yu hai alhamdulillahi. Muulize.

Nahodha_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Muulizeni.

Binti_Witu

Muulize jamani, mimi sitalala.

Mwana_wa_Daka

Nimemuuliza. Nilimsomea ujumbe wa mzee wetu wote, polepole, Mama akiwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye mahari aliacha kuchambua.

Kisha akacheka. Mama hajacheka hivyo tangu msiba.

Asema: pesa zilikuwa za mahari, kweli. Watu walishuka ukingoni, kweli. Lakini mjomba hakugawa kitu. Alikopesha. Mtu mmoja mwenye duka, jina lake Mama amelitaja na mimi nimelimeza, alikuwa na unga ghalani na hataki kuutoa bila pesa mkononi. Mjomba akamlipa yeye, kwa makubaliano kuwa wazee wa mji watachangishana wamrudishie. Wazee wakachangishana maneno. Pesa hazikurudi. Mama asema, "Alinuna miaka miwili. Akenda msikitini amenuna, akarudi amenuna. Chakula akila kama amelazimishwa." Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, anakutana kila siku na watu waliomlia mahari yake, wanampa salamu, naye lazima aitikie.

Nikamuuliza ilikwisha vipi. Asema usiku mmoja wa Maulidi alirudi kutoka Riyadha, akasimama dakani, akamwambia bibi: nimewasamehe, lakini sitaki mtu anitajie harusi tena ila iwe ya hawa. Akaonyesha ndani, walikolala dada zake.

Nikamwambia Mama, mbona hukutuambia miaka yote hii. Akasema, "Hamkuuliza. Mlikuwa mkipenda ile ya Riyadha."

Kahawa_Tungu, umeshinda nusu. Mzee Nahodha, na wewe nusu.

Kahawa_Tungu

Nusu yangu naipokea. Huyo wa kununa miaka miwili ndiye niliyemjua mimi. Aliwahi kuninunia mwezi mzima kwa sababu ya kuegemeza baiskeli kwenye ukuta wa msikiti.

Nahodha_Mstaafu

Mimi nilikuwa kijana mdogo nikaona unga ukigawanywa. Nani alilipa na kwa masharti gani, mdogo haambiwi. Mwenyezi Mungu amrehemu, amuweke pema peponi.

Mgeni_wa_Bara

Amina. Na mwili wake mliufanyia maziko huko huko nyumbani?

Mwana_wa_Daka

Tulimwosha nyumba kati. Kile chumba cha nyuma nilichokitaja ndicho cha kazi hizo mbili, kuzalia na kuoshea. Mama alikaa msana wa ndani akatuelekeza kwa sauti tu, bila kutazama: maji ya karafuu maiti yapo upande huu, pamba zipo kwenye kidaka cha chini. Tulipomaliza akasema kwamba mjomba alizaliwa pale pale, na kwamba bibi alimwonyesha mahali, usawa wa boriti ya nne kutoka mlangoni. Nikaangalia juu nikaihesabu. Ilikuwa nyeusi kuliko nyingine, kwa moshi wa miaka.

Jeneza lilitoka saa nne asubuhi. Njia zetu ni nyembamba, watu wawili wakikutana na punda mmoja husimama kando, kwa hivyo huwezi kubeba na umati; wabebaji hupokezana kwa mbele na nyuma. Nilibeba kutoka dakani hadi pembe ya kwanza tu, kisha nikanyang'anywa. Wanafunzi wake wa chuo, wengine wana ndevu nyeupe.

Tanga_Raha

Mkuu, Maulidi ya mwaka huu imekaribia. Sisi wa Tanga tulikuwa tukifikia kwake, marehemu babangu na mimi. Naona haya kuuliza.

Mwana_wa_Daka

Usione haya. Wa Ngazija wamekwisha piga simu, nao wakaanza kwa kuona haya.

Sabule tumeipaka chokaa. Kitanda tumekitoa, kimekwenda kwa khala kwa mujibu wa mgao, na bila kitanda panaingia godoro moja zaidi, yaani sasa ni saba. Sinia zile mbili zipo. Mama amesema mwaka huu sahani hatazificha, ila kila mtu aoshe yake. Mimi nitalala dakani. Wewe uje na shuka na mto, kwa sababu mito haitoshi, na ukipita Mombasa niletee uzi mweupe wa kofia, ule mwembamba, vifungu viwili. Ile kofia ambayo haijakwisha imeangukia fungu la Mama, na amenipa na sindano yake ikiwa bado imechomekwa.